Begi la Vifungo Sita

Kama si vile vifungo, watu wa nyumbani wasingejua mpaka siku ya kuondoka, na mimi ningekuwa nimeshapanda basi wakati wao wanaulizana nimepotelea wapi. Lakini ndivyo ilivyo ukizaliwa kwenye nyumba ya mafundi makochi. Mikono inafanya ilichozoea, kichwa kinakuja kushtuka baadaye.

Nilishona begi la mgongoni. Nililishona mwenyewe kwa turubai la kijani, pale pale karakanani, saa za chakula cha mchana kaka anapotoka. Nilipofika kwenye upande ule unaokaa mgongoni, nikautazama, nikauona mtupu, hauna sura. Basi nikaupigia vifungo sita, safu mbili za vitatu vitatu, vimefunikwa kitambaa na kuvutwa ndani barabara, kama tunavyofanya kwenye egemeo la kochi. Kazi ilipendeza, wacha wee! Na mikanda ya mabegani nikaijaza sponji ya makochi, ile nene ya daraja la kwanza, ambayo mteja akiikalia tu anauliza inauzwaje. Nikajisifu peke yangu kwa sababu hapakuwa na wa kunisifu.

Kila asubuhi kabla ya kufungua nikawa napanda ngazi. Karakana yetu iko chini kabisa ya jengo la ghorofa saba, na lifti yake hufanya kazi inapojisikia. Ndani ya begi natia vitabu vya sampuli, vile vikubwa vya vitambaa ambavyo wateja wanapekua wachague rangi. Kimoja tu kikikuangukia mguuni unachechemea wiki nzima. Nilianza na vitatu, nikafika saba. Siku moja mteja wa makochi ya ofisini kaja mapema anataka kuona rangi za kahawia. Kaka kageuza karakana juu chini, kumbe rangi za kahawia ziko mgongoni mwangu, ghorofa ya sita, zinahema pamoja na mimi. Niliposhuka nilimwambia nilikuwa nimezitoa nje kuzipiga vumbi.

Jumapili moja nikasema sasa basi ya ngazi yametosha. Nikamuaga mama kwamba naenda kumwona mteja, nikalibeba begi, nikatembea mpaka nyumba zilipoisha, halafu nikarudi. Saa nne nzima, mguu mosi mguu pili. Njiani mvua ikanikamata. Hapo ndipo nilipojua sponji ya makochi ni kitu cha sebuleni. Ilikunywa maji yote yaliyotoka mbinguni, ikatulia nayo mabegani mwangu, na kila nikiinama inanimwagia kifuani. Nilifika nyumbani nimelowa chepechepe, mabega yananiuma, lakini nina furaha kama mwehu. Nilikuwa nimetembea saa nne na hakuna mtu aliyeniambia pumzika.

Nikaingia chumbani kubadili nguo. Sasa dada yangu mkubwa hana desturi ya kubisha hodi, na siku hiyo alikuwa amekuja kumwona mama. Kasukuma mlango, mimi nimempa mgongo, blauzi iko mkononi.

"Mama! Njoo uone mgongo wa mwanao!"

Dada anaandikisha wagonjwa pale zahanati, na tangu aanze kuandikisha wagonjwa amejipa udaktari. Alinigeuza huku na huku, akanibonyeza, akahesabu: madoa sita, mekundu yanayoelekea zambarau, mviringo kamili, yamejipanga. Ugonjwa wa kujipanga namna ile hakuwahi kuuandikisha. Mama akafika, akaweka mkono mdomoni.

"Nani kakufanya hivi?"

"Vifungo, mama."

"Vifungo vya nani?"

Ningesema uongo gani? Begi lilikuwa pale sakafuni linachuruzika. Dada akaliinua, akaona vile vifungo, akaniangalia. Akaingiza mkono mfuko wa mbele, akatoa ramani na tiketi ya basi yenye jina langu.

Saa kumi jioni kaka alikuwa ameshafika, na kikao kimekaa.

Lazima mjue kitu kimoja kuhusu nyumba yetu. Kwetu hakuna anayekwenda mahali. Kwetu tunakwenda. Kaka alipong'olewa jino tulikuwa watatu kwenye benchi tunamsubiri. Dada alipojifungua tulifika kumi na mmoja, muuguzi akadhani tumekuja kwa maandamano. Nilipokwenda kufanya mtihani wa ufundi nilisindikizwa na watu wanne, wakakaa nje ya dirisha, na kila nikiinua kichwa naona mama ananipungia chupa ya chai. Nina miaka arobaini na mmoja, ni kitinda mimba, sijaolewa, naishi na mama, na jina langu humu ndani mpaka leo ni Kitinda. Maisha yangu yote sijawahi kulala usiku mmoja mahali ambapo hakuna wa kuniuliza kama nimekula.

"Haya, tueleze," akasema kaka.

"Siku kumi na mbili," nikasema. "Siku sita natembea milimani. Njia ipo, inajulikana, na kuna nyumba za wageni za kulala kila baada ya mwendo wa siku moja. Nimeshaweka nafasi zote. Halafu nashuka upande wa pili mpaka baharini. Siku sita nyingine natembea ufukweni, nikiona pazuri nakaa, nikichoka pazuri naondoka."

"Na nani?" akauliza dada.

"Peke yangu."

"Ndiyo, lakini na nani?"

"Nimesema peke yangu!"

"Peke yako kama nani?" Dada alikuwa ameshasimama. "Ukiteguka mguu? Ukiumwa na tumbo? Kuogelea kwenyewe hujui!"

"Bahari haijaniambia lazima niogelee. Nitatia miguu."

"Na mama anabaki na nani?"

Mama akamgeukia. "Mimi nimekuwa jiko la kuachwa linawaka? Nabaki na mimi mwenyewe. Usinitumie mimi kumfungia mwenzako." Nikadhani nimepata wa kunitetea, nikaanza kutabasamu. Akanigeukia na mimi. "Lakini na wewe, mwanangu. Mwanamke mzima na mzigo mgongoni, njiani, peke yake. Watu watasema huna watu."

Hilo likanichoma. Kwa sababu ninao. Ninao wengi, wananipenda, na wamenijaa mpaka kooni. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba ninao, mama, na nataka siku kumi na mbili za kuwakumbuka. Dada akasema hizo ni lugha za kwenye redio.

Kaka wakati wote huo alikuwa ameishika ramani. Ilikuwa ramani kuukuu, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe, imeandikwa kwa penseli kila mahali: maji hapa, mbwa mkali hapa, hapa pumzika hata kama hujachoka. Kaka alijua ilikotoka. Karakana yetu ina sheria aliyoiacha marehemu baba: kilichotoka ndani ya kiti kinarudi kwa aliyekikalia. Ukipasua kochi unakuta mambo, vitana, pete, meno ya bandia, barua za watu. Kila kitu tunakifunga kwa kijikaratasi, tunaandika "Mwenyewe" na jina lake, tunatia kwenye kopo la biskuti juu ya rafu mpaka mwenyewe aje. Ramani ile niliitoa mimi, mwaka jana, chini ya mto wa kochi la mkunga mmoja mstaafu. Alipokuja kuchukua kochi lake nikampa. Akacheka mpaka akakaa.

"Kumbe ilikuwa humu! Nimeitafuta miaka. Nilikwenda nikiwa na hamsini na tatu."

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamuuliza, "Na nani?"

Mpaka leo nikikumbuka naona aibu. Yule mama hakukasirika. Alinijibu, "Na miguu yangu," akanirudishia ile ramani, akasema yeye ameshakwenda. Mwezi ule ule ndio nilianza kukata turubai.

Basi kaka akaikunja ramani taratibu, akaiweka mezani. "Mmemaliza?" akauliza. "Nitakwenda naye."

Dada akapiga makofi. "Yameisha!" Mama akashusha pumzi, akaenda kuchemsha chai. Yaani kwa wote pale jambo lilikuwa limekwisha, tena limekwisha vizuri, na mimi natakiwa niseme asante. Nilikaa pale natokota. Nilikunywa chai yao, nikaingia chumbani, nikachukua mkasi, nikaanza kung'oa vifungo.

Wiki ile nililitengeneza begi upya. Matundu sita nikayaziba kwa viraka sita. Sponji nikaitupa kapuni na sikuihurumia. Nikanunua mkeka wa raba, ile inayotengenezewa kandambili, nikakata mikanda yake humo, maana kandambili haijawahi kunywa maji. Nikaongeza mkanda wa kiunoni, uzito ukae kwenye nyonga. Na sasa sikuwa najificha tena. Nilishona mchana kweupe, kaka anatazama. Kila kipande nilikichora kwanza kwenye karatasi ya kaki, nikakiandika namba, ili nikikosea nijue nimekosea wapi.

Siku sita kabla ya safari, karakana haina mteja, kaka akatoa kitu mfukoni akakiweka juu ya meza ya kukatia. Tiketi. Basi lile lile, tarehe ile ile, kiti namba kumi na nne. Changu ni kumi na tatu.

"Nimepiga simu kule kwenye nyumba za wageni," akasema. "Wameongeza kitanda kila mahali. Nimewaambia tuko wawili."

"Kaka, nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma." Alikuwa anakwaruza gundi iliyokauka mezani kwa ukucha. "Sikiliza, Kitinda. Usidhani nakuja kukuchunga. Nina miaka hamsini na mbili. Tangu baba afariki sijafunga karakana hii siku tatu mfululizo. Nimeisoma ile ramani yako. Kila ukitoka naisoma. Pale alipoandika pumzika hata kama hujachoka, napafikiria mno. Na mimi nataka kufika pale."

Jamani! Kaka yangu hajawahi kutaka kitu mbele yangu. Anatafuta misumari, anatafuta stepla, lakini kutaka sijawahi kumsikia akitaka. Moyo wangu ukalainika papo hapo, mdomo ukafunguka kumwambia haya twende. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Halafu nikatuona. Nikamwona ananiuliza chumvi iko wapi. Nikajiona naamka kabla yake nimchemshie maji, nanyoosha soksi zake zikauke, nasimama kumsubiri apumue, namwambia kula basi kaka, na kila jioni anampigia mama kumwambia nimeshindaje. Hatakuwa na ubaya wowote. Na mimi ndiye nitakayekuwa nafanya hayo bila kuombwa, kwa sababu mikono inafanya ilichozoea. Tukienda sisi wawili, atakayekuwa amesafiri ni yeye. Mimi nitakuwa nimemsindikiza.

"Hapana, kaka."

"Hapana nini?"

"Huji."

Alinitolea macho kama nimemzaba kibao. "Tiketi nimeshakata."

"Kaibadilishe tarehe."

"Siibadilishi."

"Mimi natoka tarehe hiyo, peke yangu. Wewe toka mwezi ujao, peke yako. Mimi nitafungua karakana, nitakula na mama, hakuna kitakachoharibika."

"Peke yangu nitawezaje?" Aliropoka tu, na akasikia mwenyewe alichosema. Masikio yakamwiva. Mtu mzima akikasirika kwa aibu ni mbaya kuliko akikasirika kwa hasira. "Wewe una roho mbaya, Kitinda. Tumekulea wote, leo ndiyo unatuona mzigo. Tutaonana kwenye basi. Kiti nimelipia, utanikuta nimekikalia."

"Nikikukuta nashuka."

"Utashuka?"

"Thubutu uone! Nashuka, nangoja basi la pili. Ukipanda hilo nalo, nashuka tena. Tutayamaliza mabasi yote ya nchi hii, kaka, lakini kwenye basi moja na wewe siendi."

Hakusema na mimi tena. Siku tano tulifanya kazi wawili kwenye chumba kimoja na maneno yote alikuwa anayaambia makochi. "Kochi, mwambie mwenzako gundi imekwisha." "Kochi, muulize nani kachukua mkasi mkubwa." Na mimi nikawa najibu kwa kochi. Mchana ilichekesha kidogo. Jioni nikirudi nyumbani nililia, sitaficha, kwa sababu nampenda na nilikuwa nimemnyima kitu cha kwanza alichowahi kuniomba. Nililia, nikanawa uso, nikaendelea kufungasha. Kulia hakukuwa kubadili mawazo. Niliwapigia watu wa nyumba za wageni, mmoja mmoja, nikawaambia vitanda viwili vya nini, mimi ni mtu mmoja.

Jioni ya mwisho nilibaki karakanani nyuma yake. Nikazikusanya zile karatasi za kaki, vipande kumi na saba, nikazikunja. Ndani nikaweka ramani ya mkunga, maana mimi nilikuwa nimeshainakili yote pamoja na mbwa mkali. Nikafunga kwa kijikaratasi kama tunavyofunga pete za watu. Nikaandika: "Mwenyewe: Kaka." Nikafungua kopo la biskuti, nikatia humo, nikauacha mfuniko wazi ili asije akasema hakuona.

Asubuhi mama na dada walitaka kunisindikiza mpaka kituoni. Nikasema mlangoni. Tukafika mlangoni, wakasema basi getini. Getini dada akasema pale kwenye kona tu. Kwenye kona nikasimama, nikawaambia mwisho ni hapa, hata kama dunia inaisha.

"Wakiniuliza umekwenda na nani?" mama akauliza.

"Waambie nimekwenda peke yangu."

"Nitawaambia mmekwenda kundi."

"Mama!"

"Basi nitawaambia sijui." Akanitengeneza kola ambayo ilikuwa sawa, akarudi nyuma hatua moja. Dada alinifunga zipu ya mfuko wa pembeni, akasema kama nitateguka mguu nisimpigie yeye, halafu akaninong'oneza nimpigie hata kama ni kidole. Nikaondoka. Sikugeuka, si kwa ushujaa, bali nilijua nikigeuka wataona ni ruhusa ya kunifuata.

Kituoni roho ilikuwa juu juu. Nilitazama foleni ya tiketi, kibanda cha magazeti, kila mwanaume mwenye shati la kahawia. Nikapanda basi. Kumi na tatu iko dirishani. Kumi na nne ilikuwa tupu. Nilikaa, begi nimelipakata magotini, tayari kushuka, na maneno ya kumwambia nimeshayapanga. Watu wakaingia wakajaa, huyu kumi na tano, huyu kumi na sita. Kila viatu vikigonga ngazi ya basi, nanyanyuka nusu. Dereva akawasha injini.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa kaka. Siku sita hajanisemesha, na wala salamu hakuweka:

"Mkanda wa kiunoni unashonwa kabla ya mfuko wa chini au baada?"

Niliusoma mara tatu. Herufi zikaanza kucheza machoni, nikajifuta kwa kiganja. Nikamjibu: "Baada. Na usiweke vifungo."

Kondakta akawa anakuja na karatasi yake, anahesabu vichwa. Akafika kwangu, akagusa kiti kitupu kwa kalamu.

"Dada, huyu wa kumi na nne yuko wapi? Kalipa huyu. Mko pamoja?"

"Hatuko pamoja. Mimi niko peke yangu."

"Unamjua lakini? Tumsubiri dakika mbili?"

Nikalinyanyua begi kutoka magotini, nikaliweka kwenye kiti cha kaka, nikalifunga mkanda.

"Msimsubiri," nikasema. "Bado anashona lake."